Namna ya kutambua vijisanamu vya kale vya plastiki vilivyotoka katika michezo ya kulenga shabaha

Swali hunijia likiwa na sura ile ile kila mara. Mtu amenunua mfuko wa vichezeo vya zamani, na miongoni mwa askari na wanyama amekuta kauboi mmoja mwekundu ambaye hasimami vizuri kama wenzake na ambaye chini ya miguu ana kitu kama ulimi. Anataka kujua ametoka wapi, ni wa mwaka gani, na kama ana thamani yoyote. Picha anayonitumia huonyesha uso na kofia, nami humjibu jambo moja: nitumie picha ya kitako, yaani sehemu ya chini anayosimamia. Mwongozo huu umeandikwa ili jibu hilo lisiendelee kurudiwa kipande kipande.

Vijisanamu tunavyovizungumzia vilikuwa shabaha. Katika miaka ya 1950 hadi 1970 viwanda vya vichezeo vya Marekani na Uingereza, na baadaye vile vya Hong Kong, viliuza michezo ambayo ndani ya boksi mtoto alikuta bunduki ya springi, vishale vyenye kikombe cha mpira au vizibo au risasi ndogo za plastiki, pamoja na jukwaa la bati au la plastiki lililopangiwa makauboi, wapiganaji, majambazi, watu wa anga za juu au wanyama wa mwituni wa kuangushwa. Boksi lilichanika, bunduki ikavunjika springi, jukwaa likatupwa, na vijisanamu vikachanganywa na askari wa kawaida. Ndivyo vinavyopatikana leo, iwe katika minada ya nyumbani huko Marekani au katika magunia ya vichezeo vya mitumba yanayofunguliwa sokoni kwetu, bila maelezo yoyote.

Vitu vya kuandaa

Andaa rula yenye milimita au, ikiwezekana, kalipa (kifaa cha kupimia unene wa vitu vidogo), lenzi ya kukuza mara kumi, tochi ndogo, beseni la maji safi, chombo kingine chenye maji yaliyokolea chumvi, yaani takriban gramu 360 za chumvi kwa kila lita, mswaki laini na sabuni ya vyombo, karatasi nyembamba na penseli laini, daftari, na simu yenye kamera. Weka mbali sindano ya moto, asetoni, petroli na tina. Vitu hivyo hupendekezwa sana na watu wenye haraka, navyo vimeharibu vijisanamu vingi kuliko meno ya watoto.

Tahadhari moja itangulie. Marekani ilipiga marufuku rangi zenye madini mengi ya risasi katika vichezeo mwaka 1978, na sehemu kubwa ya vitu tunavyovichunguza ni vya kabla ya hapo. Ikiwa kijisanamu kimepakwa rangi, nawa mikono baada ya kukishika, usiikwangue rangi hiyo, wala usimpe mtoto akichezee.

Hatua za kufuata

1. Piga picha kabla ya kusafisha. Piga mbele, nyuma, pande zote mbili, juu na chini. Uchafu na mabaki ya gundi ni ushahidi: mraba uliong'aa kifuani mahali palipobanduka karatasi unaweza kuwa ndio mahali palipoandikwa alama za mchezo. Baada ya picha, osha kwa maji ya uvuguvugu na mswaki laini. Maji ya moto hupinda plastiki laini, na mguu uliopinda utakudanganya utakapofika kwenye vipimo.

2. Soma kitako kabla hujatazama uso. Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote, kwa hiyo usiipite haraka. Askari wa kuchezea wa kawaida ametengenezwa asianguke, na shabaha imetengenezwa ianguke, tena ianguke upande mmoja tu na iweze kusimamishwa upesi kwa ajili ya mchezaji anayefuata. Tofauti hiyo ya makusudi huonekana chini kabla ya mahali pengine popote. Tafuta mojawapo ya dalili hizi:

- Ulimi bapa unaochomoza chini ya miguu. Huu uliingia katika upenyo wa jukwaa au wa reli, na mara nyingi ni mnene upande mmoja kuliko mwingine ili kijisanamu kisisimikwe kinyume.
- Vijiti viwili vifupi, au matundu mawili, kando ya kitako. Hapo palikuwa na bawaba. Kijisanamu kilizunguka kwenye mhimili na kulala chali kilipopigwa.
- Kitako kirefu kwa mbele na kifupi kwa nyuma, au kilichokatwa mshazari chini ya visigino. Kisimamishe juu ya meza na ukisukume kifuani kwa kidole, kisha ukisukume mgongoni. Kikianguka kwa urahisi kuelekea nyuma na kukataa kuanguka kuelekea mbele, kina kila dalili ya kuwa shabaha.
- Kipande cha chuma, springi, au tundu lenye kutu ndani ya kitako. Kutu ndani ya plastiki ina maana kwamba chuma kilikuwepo hata kama sasa hakipo.
- Klipu ya kubana ukingo mwembamba, kama vile ukingo wa bati au wa kadibodi.

Kosa linalofanywa zaidi hapa ni kudhani kwamba kila ulimi ni wa mchezo wa shabaha. Mpanda farasi aliyetenganishwa na farasi wake anaweza kuwa na kijiti cha kuingia kwenye tandiko, lakini miguu yake itakuwa imetanuka na magoti yamejikunja. Dereva wa gari la kuchezea naye huwa na kijiti chini ya makalio. Vilevile kulikuwa na askari waliouzwa wakiwa mbali na kitako chao, wakachomekwa baadaye na mnunuzi. Ulimi wao kwa kawaida ni mfupi, uko chini ya kila mguu, na hauna unene wa kuhimili kupigwa. Jiulize kila mara: kipande hiki kikipigwa na kishale, nguvu ya pigo ingekwenda wapi? Ikiwa ingevunja kijiti badala ya kukilaza kijisanamu, rudi nyuma na ufikirie upya.

3. Tazama mahali kilipochakaa. Askari wa kawaida huchakaa kotekote: ncha ya bunduki imepinda, pua imelika, na alama za meno zipo mahali ambapo hukuzitarajia. Shabaha huchakaa kwa utaratibu. Vishimo vidogo hujikusanya kifuani na usoni, huku mgongo ukiwa na mkwaruzo mmoja mrefu pale unapogonga jukwaa kila kinapoanguka. Elekeza tochi kutoka ubavuni ili vivuli vivitoe vishimo hivyo, kisha pita na lenzi. Tazama pia umbo lenyewe, kwa kuwa shabaha nyingi zina mgongo bapa au ulio mtupu, kwani mtoto aliyekaa upande wa pili wa chumba aliona upande wa mbele tu na mtengenezaji hakuona sababu ya kulipia plastiki ya nyuma. Mgongo bapa peke yake, hata hivyo, haudhihirishi lolote, maana askari wa bei rahisi nao walitengenezwa hivyo.

Ukikuta tarakimu kubwa zilizochongwa kwenye kifua au kitako, kama vile 10, 25, 50 au 100, karibu umemaliza hoja ya matumizi. Tarakimu ndogo ya moja au mbili iliyofichwa chini, kinyume chake, huwa ni namba ya nafasi ndani ya kalibu (chuma cha kumiminia plastiki), na haina uhusiano na pointi za mchezo.

4. Pima kwa milimita. Pima kutoka wayo hadi utosi bila kofia na bila kitako. Askari wengi wa plastiki wa kipindi hicho walifuata vipimo vilivyozoeleka, hasa milimita 54 na milimita 60. Kampuni ya Marekani ya Louis Marx ilitoa vya ukubwa wote huo, na katika miaka ya 1960 ikatoa pia watu wa inchi sita, yaani takriban milimita 150. Kijisanamu kisichokaribia kipimo chochote kilichozoeleka kinastahili kutiliwa shaka kwamba kilikuwa cha mchezo, kwa sababu ukubwa wa shabaha ulifuata ugumu wa kuipiga na si ulinganifu. Ndiyo maana usishangae ukikuta dubu aliye sawa na mtu, au simba mwenye urefu wa twiga, vikiwa vimetoka kwenye boksi moja. Sisi tuliokulia karibu na simba na twiga huona kichekesho. Mtengenezaji aliona tu shabaha ya pointi 10 na shabaha ya pointi 50.

5. Tambua plastiki. Anza kwa mkono na sikio. Plastiki laini, inayoteleza kama mshumaa, inayopinda na kurudi, na ambayo rangi ya juu hubanduka kwa magamba, kwa kawaida ni polithini. Plastiki ngumu inayolia kwa ukali ikigongwa ukucha, na inayovunjika bila kupinda, kwa kawaida ni polistirini. Ile inayofanana na mpira mzito huenda ikawa vinili.

Kisha tumia maji. Kipime kijisanamu kisicho na chuma wala uwazi uliofungwa ndani. Kizamishe kabisa katika beseni la maji safi, kisugue kwa kidole hadi mapovu yatoke, halafu kiachie. Polithini huelea kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Polistirini huzama, ila kwa uzito mdogo sana, nayo ukiihamishia kwenye maji yaliyokolea chumvi itaelea. Kinachozama hata katika maji ya chumvi ni kizito zaidi: huenda ni selulosi asetati, ambayo ilitumika katika vichezeo vya awali na ambayo hujikunja kadiri inavyozeeka, au ni vinili. Suuza mara moja kwa maji safi, na usikiingize kabisa katika chumvi kijisanamu chenye springi au msumari.

Jaribio hili halisemi mwaka, lakini linakuonyesha njia. Askari wa polithini aliyepigwa mara elfu bado ni mzima, ilhali wa polistirini angepasuka; kwa hiyo shabaha ya kupigwa moja kwa moja kwa kawaida ni laini, na ile ya plastiki ngumu mara nyingi ilisimama juu ya kibao au kitufe ambacho ndicho kilichopigwa.

6. Soma maandishi. Weka karatasi nyembamba juu ya kitako na usugue kwa ubapa wa penseli. Herufi ambazo jicho limezikosa zitatokea. Nembo ya Marx ni duara lenye herufi MAR zilizokatwa na X kubwa. Kampuni hiyo ilianzishwa New York mwaka 1919, ikauzwa kwa Quaker Oats mwaka 1972, ikauzwa tena kwa kampuni ya Uingereza ya Dunbee-Combex mwaka 1976, na ikaanguka mwaka 1980. Miaka mingine huandikwa kwa tarakimu za Kirumi: MCMLV ni 1955, na MCMLXIII ni 1963.

Majina ya nchi nayo husaidia. "Empire Made" ni maneno yaliyotumika sana kwenye bidhaa za Hong Kong zilizolengwa kwa soko la Uingereza. "West Germany" haiwezi kuwa kabla ya 1949, na baada ya 1990 nchi hiyo haikuwapo tena kwa jina hilo.

Onyo: mwaka uliochongwa ni mwaka wa kusajili umbo, si mwaka wa kumimina plastiki. Kalibu moja ya chuma huweza kufanya kazi kwa miongo kadhaa, na kalibu za Marx zilitumika Mexico na kisha zikauzwa kwa wengine baada ya kampuni kuanguka.

7. Fuatilia hataza na anwani. Mchezo wa shabaha una mtambo, na mtambo mara nyingi ulisajiliwa. Ukiona namba ya hataza ya Marekani, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, linganisha na vizingiti hivi: namba 2,000,000 ilitolewa mwaka 1935, namba 3,000,000 mwaka 1961, na namba 4,000,000 mwishoni mwa 1976. Ingiza namba hiyo katika hifadhi ya hataza iliyo wazi kwenye intaneti. Mchoro wake utakuonyesha jukwaa, bawaba na mahali kijisanamu chako kilipokaa, jambo ambalo hakuna picha ya mnada itakayokuonyesha kwa usahihi huo. Namba inayotanguliwa na "Des." ni ya hataza ya umbo, nayo ina mfululizo wake tofauti, usiipime kwa vizingiti hivyo. Maneno "Pat. Pending", yaani ombi la hataza bado linasubiriwa, hayakupi tarehe.

Ikiwa umebahatika kupata hata kipande cha boksi, tafuta anwani. "New York 10, N.Y." ni mtindo wa kati ya 1943 na 1963, na namba ya tarakimu tano baada ya jina la jimbo ni ya kuanzia Julai 1963. Mistari ya msimbomilia (barcode) inalipeleka boksi baada ya 1974. Anwani ya 200 Fifth Avenue imewapotosha wengi: ni kweli kwamba Marx walikuwapo hapo, lakini jengo hilo lilijaa ofisi za kampuni za vichezeo, kwa hiyo anwani pekee haimtaji mtengenezaji.

8. Linganisha na katalogi. Maduka ya Marekani kama Sears na Montgomery Ward yalichapisha katalogi za Krismasi kila mwaka, na nyingi zimewekwa kwenye intaneti ukurasa kwa ukurasa. Anza na muongo ambao hatua zilizotangulia zimekuonyesha, nenda kwenye kurasa za bunduki za kuchezea badala ya kurasa za askari, na utazame idadi na mpangilio wa shabaha kabla ya rangi zake. Picha za katalogi zilitiwa rangi na wachoraji mara kwa mara, na boksi lililofika nyumbani lingeweza kuwa na rangi nyingine. Makavazi ya The Strong huko Rochester, New York, nayo yana mkusanyo mkubwa wa vichezeo na orodha inayoweza kutafutwa.

Usitumie matangazo ya wauzaji kama ushahidi pekee. Mimi mwenyewe niliwahi kununua "seti kamili" ya shabaha sita, na vipimo vikaonyesha kwamba nne zilikuwa na ulimi wa milimita 3 na mbili wa milimita 5. Hakuna jukwaa lenye upenyo mmoja ambalo lingezipokea zote.

9. Andika ulichokithibitisha. Katika daftari tenga mambo matatu: matumizi, mtengenezaji, na kipindi. Kila moja lipewe neno lake, "hakika" au "huenda" au "bado", pamoja na sababu yake. Inawezekana kabisa kuwa na hakika kwamba kitu ni shabaha bila kuwa na dokezo lolote la aliyeitengeneza, na daftari linalosema hivyo lina faida kuliko jina la kampuni lililobahatishwa.

Mambo yanapokwenda kombo

*Kijisanamu kinaelea kikiwa kimesimama wima, au upande mmoja tu unazama.* Kuna chuma ndani, au kuna hewa. Jaribio la maji halikufai. Kichunguze kwa sumaku ndogo, kisha utegemee mkono na sikio.

*Hakuna alama yoyote.* Hilo ni la kawaida. Katika michezo mingi jina liliwekwa kwenye jukwaa, na vijisanamu vikaachwa vitupu. Rudi kwenye umbo la ulimi au bawaba, uandike vipimo vyake kwa nusu milimita, na utafute wengine wenye ulimi huo huo hata kama nyuso ni tofauti kabisa.

*Ulimi umevunjika.* Tafuta kovu chini ya miguu. Sehemu iliyovunjika hukwaruza na haing'ai. Sehemu iliyokatwa kwa kisu na mtoto aliyetaka askari wake asimame mezani ni laini na ina mistari sambamba. Urefu wa kovu ndio urefu wa upenyo wa jukwaa, kwa hiyo bado una kipimo cha kutumia.

*Alama inasema 1963 lakini plastiki inang'aa kama ya jana.* Huenda umeshika toleo la baadaye la kalibu ya zamani. Tazama ukali wa mikunjo ya nguo na vidole: kalibu iliyochoka hutoa maumbo yaliyofifia na utando wa plastiki kwenye mistari ya maungio. Tafuta pia uchakavu wa hatua ya 3. Shabaha ya miaka sitini isiyo na kishimo hata kimoja ama haikuwahi kuchezewa ama si ya miaka sitini.

*Kinanata mkononi.* Vinili hutoa mafuta yake kadiri inavyozeeka, na mafuta hayo huyeyusha polistirini iliyogusana nayo. Kiweke katika karatasi, peke yake, mbali na joto.

*Kinanuka siki.* Hiyo ni asetati inayooza. Kiondoe miongoni mwa vingine leo hii, kipige picha zote unazozihitaji na ukipime upya, kwa sababu umbo lake litaendelea kubadilika na baada ya muda vipimo ulivyoviandika ndivyo pekee vitakavyokuwa sahihi.